Mpe Mlango wa Kutokea: mwongozo wa kuandika hadithi ya mapenzi ya yaya au mwalimu wa nyumbani katika Singida ya zamani

Hadithi hii unaijua hata kama hujawahi kuisoma. Binti asiye na mali anaingia nyumba ya wenye nacho ili alee au afundishe watoto. Analala chumba cha nyuma, anakula wengine wakishamaliza, lakini siri zote za nyumba zinapita mbele ya macho yake. Halafu mtu mmoja wa nyumba ile anaanza kunyamaza kila binti anapozungumza, amsikie. Waingereza wa karne ya 19 waliiandika sana. Iliyovuma kuliko zote ni Jane Eyre ya Charlotte Brontë, iliyotoka mwaka 1847, na mwandishi huyo alikuwa ameifanya kazi ya ualimu wa nyumbani yeye mwenyewe.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuiandika hadithi ya namna hiyo na kuiweka Singida, katika miaka ya babu na bibi zetu. Unahitajika. Mkoa huu umetoa mabinti wengi sana waliokwenda kufanya kazi za ndani Dodoma, Arusha na Dar es Salaam, na katika hadithi nyingi binti huyo huonekana akipigwa, akiiba au akipewa mimba, kisha anatoweka. Ni mara chache kumkuta akiwa mtu wa kupendwa mwenye akili yake, anayechagua. Hapo ndipo unapoingia wewe.

Kwanza ujue ugumu uko wapi

Mapenzi ya watu wawili wasiolingana kwa mali yana swali ambalo msomaji atajiuliza hata usipolitaja: huyu binti anapenda, au anaogopa kufukuzwa? Anayelipa mshahara anaweza kuukata. Anayemiliki nyumba anaweza kuifunga. Kama hadithi yako hailijibu swali hilo, maneno matamu hayatakusaidia, maana msomaji atakuwa anasoma habari ya amri iliyovishwa nguo za mapenzi.

Angalia Brontë alivyolijibu. Jane analipwa pauni 30 kwa mwaka katika nyumba ya bwana Rochester. Anampenda, yuko tayari kuolewa naye, kisha siku ya harusi inafichuka kwamba bwana huyo ana mke aliye hai, amefungiwa ghorofani. Jane anaondoka. Anaondoka karibu mikono mitupu, analala nje, anaona njaa. Baadaye anarithi pauni 20,000 kutoka kwa baba yake mdogo, anazigawa na binamu zake watatu, na yeye anabaki na 5,000. Anaporudi kwa Rochester hahitaji chakula chake wala paa lake. Tunaamini kwamba anampenda kwa sababu tulikwisha kumwona akiondoka, na anaporudi ana uwezo wa kuondoka tena.

Kwa hiyo kabla ya sura, sauti na macho, mtafutie binti yako mlango wa kutokea. Hatua zote zinazofuata zinaulinda mlango huo.

ONYO LA KWANZA: umri
Mhusika wako awe mtu mzima, miaka 18 au zaidi, na umri wake usomeke mapema. Watoto wa miaka 11 na 12 wamefanyishwa kazi za ndani zamani na hata sasa. Hilo unaweza kuliandika, na uliandike kama dhuluma. Usiligeuze kuwa mapenzi kwa kisingizio kwamba "zamani ndivyo ilivyokuwa".

Hatua ya 1: Chagua nyumba moja na mwaka mmoja

Usiandike "enzi za mkoloni" ukaishia hapo. Mwaka 1905 na mwaka 1955 ni dunia mbili. Tena usilihamishe jumba la Uingereza na vijakazi wake kumi ukalisimamisha kando ya Ziwa Kindai. Katika nyumba za wakoloni wa Tanganyika kazi za ndani zilifanywa zaidi na wanaume: mpishi, boi, dobi. Wanawake walikuwa wachache, na waliokuwepo kwa kawaida walikuwa mayaya. Ukiijaza nyumba ya Bwana DC mabinti wa kufagia, mzee yeyote aliyeiona nyumba kama hiyo atakifunga kitabu chako.

Nyumba tatu zinawezekana.

1. *Nyumba ya misheni, Iramba, miaka ya 1930.* Wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani, wa Sinodi ya Augustana, walianza kazi huko miaka ya 1920, na baadaye Kiomboi pakawa na shule ya bweni ya watoto wa wamisionari. Hapo yaya ana mahali pake. Lakini ukitaka mapenzi ya yaya na Mzungu, ubaguzi wa rangi wa siku zile utaimeza hadithi nzima, na ni lazima uukubali uimeze.

2. *Duka la mfanyabiashara wa Kihindi au Kiarabu, Singida mjini.* Kuna mali, kuna kaunta, kuna ndugu wanaoangalia kila kitu. Kabla ya kuandika, soma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999), iliyomweka Yasmin, binti wa Kihindi, na Denge, kijana Mwafrika mpigania uhuru, katika Zanzibar ya kikoloni. Amil Shivji aliitolea filamu mwaka 2021. Utaona jinsi siasa na mapenzi vinavyoweza kukaa chumba kimoja.

3. *Nyumba ya mtemi, miaka ya 1950.* Binti maskini aliyepata elimu anawafundisha watoto wadogo wa mtemi kusoma. Kaka yao mkubwa amerudi kutoka shule ya serikali ya Tabora, iliyojulikana kwa kupokea watoto wa watemi.

Mimi nakushauri uichukue ya tatu. Wote wawili wanasema lugha moja, wanakula ugali mmoja wa uwele, na bado kuna ukuta kati yao. Tena historia yenyewe inakupa kitu adimu: mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya watemi. Fikiria maana yake. Kijana aliyezaliwa kurithi kiti anabaki hana kiti, na binti aliyekuwa akipita mlango wa nyuma ana cheti cha ualimu katika nchi inayolilia walimu. Mizani inageuka bila wewe kubuni baba mdogo tajiri.

MIAKA YA KUSHIKILIA
- 1898: Wajerumani wanaanza kodi ya nyumba, rupia 3. Kodi ndiyo iliyowasukuma wengi kutafuta kazi ya mshahara.
- 1912: Reli ya Kati inafika Tabora, baada ya kupita Manyoni.
- 1916: Dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba, inatumika Tabora kupigia sarafu ya rupia 15. Mwaka huohuo utawala wa Wajerumani unaondolewa.
- Miaka ya 1920: Shilingi ya Afrika Mashariki inachukua nafasi ya rupia.
- Miaka ya 1930: Tawi la reli linatoka Manyoni kupita Singida hadi Kinyangiri. Linaondolewa miaka ya 1940.
- 9 Desemba 1961: Uhuru.
- 1963: Utemi unafutwa.
- 1971: Sheria ya Ndoa, moja kwa Tanzania Bara nzima.

Hatua ya 2: Uhesabu mfuko wake

Andika kwenye karatasi, kabla ya sura ya kwanza: analipwa kiasi gani, na nani anazipokea fedha hizo? Anapeleka nyumbani kiasi gani? Akifukuzwa leo jioni, atalala wapi, na nauli ya kufika huko ni ya nani? Brontë alituambia pauni 30 waziwazi, nasi tukajua Jane ni mtu wa namna gani. Ukiona haya kutaja shilingi, utaishia kuandika ndoto.

Kisha uonyeshe tofauti ya mali kwa vitu, wala usihubiri. Kwao binti ni tembe, paa la udongo lililo sawasawa juu ya magogo, mbuzi wako ndani usiku, kibatari kinatoa moshi. Kwa mtemi kuna bati, sakafu ya saruji na karabai inayovuma mezani. Kwao ni kaniki. Hapa kuna kanga mpya, pasi ya mkaa, pengine gramafoni. Chai yenye sukari asubuhi ni tukio kwa mtu aliyezoea uji mtupu. Msomaji wa Singida atavitambua vyote hivyo bila kuelezwa.

Hatua ya 3: Jenga mlango wa kutokea

Hapa usiharakishe. Binti anahitaji vitu vinne, na angalau viwili awe navyo *kabla* ya kijana kutamka neno la mapenzi.

1. *Mahali pa kwenda.* Shangazi aliye Ilongero, mama mchungaji, rafiki aliyesoma naye. Mtu mwenye nyumba na moyo.
2. *Njia ya kufika.* Hii inategemea mwaka, na ndiyo maana nilikutaka uchague mmoja. Mwaka 1936 anaweza kupanda treni ya tawi na kushuka Manyoni kwenye Reli ya Kati. Mwaka 1955 reli ile haipo. Atatafuta lori la mizigo, naye dereva atamfahamu mtemi. Mlango umekuwa mwembamba, na hadithi imepata joto.
3. *Ujuzi unaouzika mahali pengine.* Kusoma, kuandika, kushona kwa cherehani, ukunga. Walutheri waliweka chuo cha ualimu Kinampanda, Iramba. Ukitaka apite huko, hakikisha kwanza chuo kilianza lini kupokea wasichana, halafu ndipo upange mwaka wa hadithi.
4. *Ruhusa ya moyo.* Awe anaamini ana haki ya kusema hapana. Mjengee tukio dogo mapema: anakataa jambo, na mbingu hazianguki.

Halafu *mtumie* mlango huo. Binti aondoke kweli, walau mara moja, kwa uamuzi wake, na ukurasa unaofuata uwe wa kwake yeye, usiwe wa kijana anayelia. Waandishi wengi wanaoanza humfanya aondoke kisha kijana anamkuta njiani kabla jua halijazama. Mwache afike. Apate kazi. Avune msimu mmoja. Kijana naye ajifunze kuishi katika nyumba isiyo na sauti yake.

Hatua ya 4: Waache wafahamiane kazini

Mapenzi ya hadithi hizi huchipua kwenye kazi, kwa sababu ndiko binti anakoonekana kuwa mjuzi. Epuka kisima, mvua ya ghafla na kanga iliyolowa, vimetumika mno. Linganisha na tukio hili, baraza la mtemi, mwaka 1957. Binti anafundisha watoto wawili, na kijana amesimama mlangoni.

"Mwalimu, herufi hiyo wanaijua tayari. Wapeleke mbele."

"Mdogo wako haijui, bwana. Anafuata sauti ya dada yake."

Kijana akamwita mdogo wake peke yake, akamwonyesha herufi. Mtoto akanyamaza, akageuka kumtafuta dada yake kwa macho.

"Umejuaje?"

"Nakaa nao kutwa."

Hakuna aliyeguswa mkono, wala hakuna aliyesifiwa uzuri. Lakini kijana msomi wa Tabora amerekebishwa mbele ya watoto na akakubali, naye binti amejua kwamba mtu huyu anaweza kukubali. Jenga matukio matatu au manne ya namna hii kabla ya tamko lolote.

Angalia pia wanavyoitana. Kijana anamwita binti "mwalimu", naye binti anajibu "bwana". Mama wa nyumba atamwita "binti", na siku akimwita "mwanangu" msomaji atajua kuna jambo. Mtemi ataitwa "mtemi" hata na mkewe mbele ya wageni. Panga mapema ni siku gani kijana atamwita binti kwa jina lake, na nani atalisikia. Siku hiyo moja inaweza kubeba uzito kuliko busu.

Hatua ya 5: Shughulika na ukoo na ng'ombe

Singida si kabila moja, na hapa ndipo hadithi nyingi huharibika. Wanyaturu hufuata ukoo wa baba, na kabla ya Wajerumani hawakuwa na mtemi mmoja juu ya wote. Wanyisanzu, kaskazini, walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na utemi wao ulikuwa na watawala wawili, mwanamume na mwanamke, walioshikilia mambo ya mvua. Ukiweka nyumba yako Unyisanzu, mjomba wa kijana ana sauti kubwa kuliko unavyodhani, na urithi unapita njia nyingine kabisa. Usichanganye mila za huku na za kule kwa kuwa zote ziko mkoa mmoja.

Mahari ni mifugo. Kwa hiyo swali la wazee halitakuwa "mnapendana?" Watauliza ng'ombe watatoka zizi gani, na je, kwao binti kuna kaka anayewasubiri ng'ombe haohao ili naye aoe? Hapo umaskini wa binti unageuka kuwa jambo la watu wengi. Baba yake anaweza kuitaka sana ndoa hiyo kuliko binti mwenyewe, na mlango uliomjengea ukaanza kufungwa na watu wanaompenda. Usiwafanye wabaya. Wape njaa yao, deni lao, mwaka wao wa ukame.

Hatua ya 6: Kusanya habari kwa walio hai kwanza

Nenda kwa bibi kabla ya kwenda maktaba, nyaraka zitakusubiri. Kaa naye wakati wa kazi nyepesi, kama kuchambua mboga au kupeta, na usianze na maswali ya mapenzi.

MASWALI YA KUMUULIZA BIBI
- Ulipokuwa msichana, nani kijijini alikuwa na nyumba ya bati? Watu waliisemaje?
- Aliyefanya kazi kwa watu alilala wapi? Alikula nini, na saa ngapi?
- Mshahara ulikabidhiwa nani?
- Msichana aliyesoma alionekanaje?
- Kijana alijulishaje kwamba anampenda mtu? Nani alitumwa?
- Msichana aliyekataa kuolewa alikimbilia wapi?

Swali la mwisho lina thamani kuliko mengine yote, maana linakuonyesha milango iliyokuwepo kweli. Omba ruhusa kabla ya kuandika au kurekodi. Akikuhadithia maisha ya mtu anayejulikana, badilisha jina, kijiji na kazi.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye karatasi. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia na sharika za zamani vinaonyesha nani alimwoa nani. Uliza kwa adabu ofisi za KKKT Dayosisi ya Kati na parokia kongwe kama Makiungu. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zimehifadhi vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa Kiingereza. Visome ukikumbuka vilimwangalia nani kwa jicho gani. Mtafute pia Marguerite Jellicoe, aliyeandika kitabu kizima juu ya mabadiliko ya maisha ya Wanyaturu.

MAKOSA YA KAWAIDA
- *Alizeti mwaka 1925.* Mashamba ya njano ndiyo sura ya Singida ya leo. Kwa hadithi ya zamani weka uwele na mtama.
- *"Beki tatu" na "hausigeli" midomoni mwa watu wa 1950.* Maneno hayo ni ya juzi.
- *Mke mwovu.* Ukimfanya mama wa nyumba kuwa shetani, umekwepa swali la mali na kulifanya la tabia.
- *Kijana asiyepoteza kitu.* Kama binti anahatarisha kazi, jina na paa, naye kijana anahatarisha usingizi tu, hadithi imepinda.
- *Nguvu iliyoitwa mapenzi.* Kijana anayemfungia mlango, anayemvuta mkono au anayetishia kumfukuza hajapenda. Ukimweka, umweke kama mtu wa kukimbiwa.
- *Binti aliyegundulika ni wa ukoo bora.* Siri ya damu ya kitemi inafuta kila ulichojenga. Abaki mtoto wa tembe.

Hatua ya 7: Amua watalipa nini

Kuvuka ukuta wa mali kuna gharama, na harusi haiifuti. Mfano wa kweli uko jirani. Salme binti Said, mtoto wa Sultani Said wa Zanzibar, alizaliwa 1844, akajifunza kuandika mwenyewe kwa siri, akampenda mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, wakaoana huko 1867, wakahamia Hamburg. Miaka mitatu tu baada ya ndoa mumewe alikufa kwa ajali ya tramu. Salme alibaki ugenini na watoto watatu wadogo, mali ya kwao haikumfikia, ikafika wakati akafundisha Kiarabu ili aishi. Kumbukumbu zake, alizozitoa kwa Kijerumani mwaka 1886, zina mapenzi na zina hesabu yake.

Huna haja ya kuua mtu. Lakini andika angalau sura moja baada ya ndoa: binti amekaa mezani kwa mara ya kwanza, na yule aliyekuwa mwenzake jikoni anamletea maji ya kunawa. Atasema nini? Wataitanaje kesho? Mimi ningeianza kazi yangu kwenye sura hiyo, niandike kurudi nyuma.

KABLA HUJAIPELEKA KWA MCHAPISHAJI
☐ Umri wa binti umetajwa katika kurasa za mwanzo.
☐ Mshahara wake unajulikana.
☐ Ameondoka mara moja, na amefika alikokwenda.
☐ Kila chombo, zao na chombo cha usafiri kilikuwepo mwaka huo.
☐ Kabila ni moja na mila zake zimehakikiwa na mzee wa hukohuko.
☐ Hakuna mtu aliye hai anayeweza kujitambua bila ridhaa yake.
☐ Nakala imesajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki.
☐ Umesoma masharti ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, kama unakusudia kushindana.

Limebaki jambo moja. Mtafute mwanamke aliyewahi kufanya kazi katika nyumba za watu, umsomee mswada kwa sauti, hata kwa siku kadhaa, na umlipe kwa muda wake kama ambavyo ungemlipa mhariri. Mwambie akusimamishe pale ambapo yeye angefungasha akaenda zake. Akikusimamisha kabla ya ukurasa ambao binti yako anaondoka, weka alama hapo, muulize ni kitu gani kingemzuia, na uanze kuandika upya kutoka ukurasa huo.